Ziwa Ndani ya Simtanki

Uduvi ni jina ambalo watu wa pwani ya Afrika Mashariki huwaita kamba wadogo wadogo wa baharini, wale wanaoanikwa juani na kuuzwa kwa kipimo cha kopo, na jina hilo limesafiri pamoja na lugha hadi bara, ambako linawafaa vilevile ndugu zao wa maji baridi, yaani maji ya mito na maziwa yasiyokuwa na chumvi ya bahari. Katika mwambao wa Kigoma uduvi hawapimwi kwa kopo. Wengi wao hawazidi urefu wa sentimita mbili au tatu, miili yao hupenyeza mwanga kama kioo, hujificha chini ya mawe na kwenye nyasi za majini, na mtoto anayeoga katika ufuo wa Katonga akigeuza jiwe huwaona wakiruka kinyumenyume mara moja, kisha wasionekane tena. Mazungumzo haya yanahusu namna viumbe hao wanavyoweza kuzalishwa ndani ya chombo kikubwa kilichowekwa nje ya nyumba, liwe simtanki lililokatwa sehemu ya juu, pipa la lita 200, diaba pana au tangi la saruji, na yanaanzia ziwani kwenyewe, kwa sababu asiyeelewa maji ya Tanganyika atawaua uduvi wake kabla hawajataga.

Ziwa hili lina uduvi wake lenyewe, wasiopatikana kwa asili mahali pengine popote duniani. Mwanazuoni wa Kiingereza John Edmund Sharrock Moore, aliyefika ziwani katika safari mbili kati ya mwaka 1895 na 1900, alirudi kwao na konokono waliofanana mno na wale wa baharini, pamoja na uduvi wachache waliohifadhiwa katika chupa, ambao mtaalamu wa wanyama William Thomas Calman aliwaeleza kisayansi mwaka 1899. Mmoja alimwita Limnocaridina tanganyikae, na wa pili, aliye mkubwa zaidi na mwenye magando marefu, akampa jina la Moore mwenyewe, naye leo hujulikana kama Macrobrachium moorei. Kutokana na konokono hao, na kutokana na konyeza wa maji baridi, yule mnyama laini mwenye umbo la mwavuli wa ute, Moore alishikilia kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyofungiwa barani. Safari ya William Alfred Cunnington ya mwaka 1904 hadi 1905 ilikusanya uduvi wengi zaidi, Calman akaongeza spishi nyingine mwaka 1906, na kadiri ushahidi ulivyozidi kukusanyika ndivyo dhana ya bahari ilivyodhoofika. Ziwa limekaa ndani ya Bonde la Ufa kwa muda unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12, na katika muda huo mrefu wa kujitenga wanyama wake walijitengenezea maumbo yao wenyewe. Kwa pembeni inafaa kutajwa kwamba Moore huyo huyo, akishirikiana na John Bretland Farmer mwaka 1905, ndiye aliyelipa jina lile tendo la seli za uzazi kugawanyika hadi kubaki na nusu ya kromosomu, na wanafunzi wa sekondari za Kigoma wanaoandika neno meiosisi kwenye mitihani yao hawaambiwi kwamba mmoja wa walioliunda aliwahi kuchokora konokono katika ziwa lao.

Uduvi wengi wa Tanganyika ni wa familia iitwayo Atyidae, ambayo alama yake kubwa ni miguu ya mbele isiyo na gando la kubana kama la kaa, bali yenye vishungi vya nywele ngumu kwenye ncha. Wengine huishi kwenye mawe ya ukingoni, wengine kwenye mchanga na mimea, na wapo wanaoelea katikati ya ziwa, wakishuka vilindini mchana na kupanda juu usiku. Hao wa katikati ndio chakula cha mgebuka, samaki ambaye kila nyumba ya Ujiji inamjua kwa ladha yake, na ambaye sehemu za kusini mwa ziwa hutegemea uduvi zaidi kuliko dagaa. Kwa hiyo mlaji wa mgebuka amekula uduvi mara nyingi, ila kwa njia ya mkato.

Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470 penye kina kirefu kuliko pote, lakini kwa maumbile yake linafanana na chombo kilichokaribia kuzibwa. Maji huingia kwa mvua na kwa mito, mikubwa ikiwa Malagarasi na Rusizi, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Lukuga unaoelekea Kongo, ambao huchukua sehemu ndogo. Maji mengine yote huondoka kwa kugeuka mvuke, na kwa kuwa mvuke haubebi chumvi, madini yaliyoletwa na mito hubaki nyuma na kujilimbikiza. Matokeo yake ni maji yanayonyweka vizuri na yasiyo na ladha ya chumvi, lakini yenye magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, na yenye kipimo cha pH kinachokaribia 9. Kipimo hicho huonyesha kama maji yameelemea upande wa tindikali, kama ndimu, au upande wa besi, kama magadi. 7 ni katikati, na Tanganyika limeelemea upande wa magadi. Tena, uhai wa ziwa umekaa juu juu tu, kwani chini ya mita 100 upande wa kaskazini na 200 hivi upande wa kusini oksijeni huisha kabisa, na kilichobaki chini yake ni maji ambayo samaki wala uduvi hawezi kuyavuta pumzi. Uduvi wa ukingoni amezoea joto la nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi, lisilobadilika ghafla mchana wala usiku, kwa sababu maji mengi hivyo hayawezi kupashwa moto na jua la siku moja wala kupozwa na upepo wa usiku mmoja.

Mfugaji anayejaza simtanki uani kwake anajaribu, apende asipende, kuiga utulivu huo kwa lita 1,000. Hapo ndipo ukubwa wa chombo unapopata maana yake. Ndoo ya lita 20 iliyoachwa juani Kigoma hupata moto kabla ya adhuhuri na kupoa usiku, na uduvi anayestahimili nyuzi 28 huanza kudhoofika zikivuka 30, lakini tangi la lita 1,000 huyapokea mabadiliko hayo polepole. Simtanki jeusi hunywa joto la jua kuliko jeupe, kwa hiyo huwekwa kivulini, na kivuli cha Ujiji kinajulikana: ni mwembe, mti uliopandwa kwa wingi pande hizo tangu enzi za misafara. Majani ya mwembe yaliyokauka yakianguka mawili matatu ndani ya maji ni baraka, kwa kuwa huoza taratibu na kufunikwa na chakula ambacho uduvi hukipenda. Yakianguka kapu zima huoza kwa pamoja na kula oksijeni yote. Chombo kilichowahi kubeba mawese, na Kigoma madumu ya namna hiyo ni mengi, hakifai mpaka kioshwe kwa maji ya moto mara kadhaa, kwani hata mafuta kidogo hutanda juu ya maji na kuzuia hewa isiingie.

Maji yenyewe yana vyanzo vitatu, na kila kimoja kina kasoro yake. Maji ya ziwani yana madini yanayotakiwa lakini huweza kuleta vifaranga wa samaki, ambao wakikua ndani ya tangi watawamaliza watoto wa uduvi, hivyo huchujwa kwa kanga iliyokunjwa mara mbili. Maji ya bomba ya Kigoma na Ujiji hutoka ziwani humo humo, ila yametiwa klorini, dawa inayoua vijidudu vya maradhi na inayoua uduvi vilevile, na dawa hiyo hupotea hewani maji yakiachwa wazi siku moja au mbili huku yakikorogwa. Maji ya mvua ni masafi lakini hayana madini. Matumizi yake yana wakati wake maalumu, nao utaelezwa.

Kosa la kwanza la karibu kila anayeanza ni kutia uduvi siku ile ile tangi lilipojaa. Maji mapya yanaonekana mazuri kwa sababu ni meupe, na weupe huo ndio ubaya wake, maana uduvi wa jamii ya Atyidae haishi kwa kulishwa mkononi. Anaishi kwa utelezi. Utelezi ni ule utando wa kijani au wa kahawia unaomwangusha mchotaji wa maji kwenye mawe ya ukingoni, na ndani yake mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, bakteria, vijidudu na chembe za mimea iliyooza. Utando huo huchukua wiki nne hadi sita kushika kuta za chombo, na katika wiki hizo mfugaji hana kazi ila kusubiri, jambo ambalo kwa wengi ni gumu kuliko kazi yoyote. Tangi lenye upana na kina cha mita moja lina kuta na sakafu zenye eneo la mita tano za mraba tu, na idadi ya uduvi haiwezi kuzidi kile ambacho eneo hilo linaweza kuotesha, kwa hiyo busara ni kuongeza nyuso za kushika utelezi kwa kutia matawi makavu, mawe ya ziwani, vipande vya matofali na hasa wavu mkuukuu wa dagaa uliokunjwakunjwa, ambao mvuvi ameutupa na ambao nyuzi zake, zikihesabiwa pamoja, zina uso mpana kuliko kuta za tangi lenyewe.

Namna uduvi anavyokula inastahili kutazamwa kwa karibu, na chombo cha kutazamia ni bakuli jeupe lenye maji ya tangi. Akiwekwa humo pamoja na kijiti chenye utelezi, hutulia kwa muda, macho yake meusi yakiwa juu ya vikonyo, kisha hukishika kijiti kwa miguu ya nyuma na kuanza kufanya kazi kwa jozi mbili za mbele. Kila mguu huishia kwenye kishungi cha nywele: ncha inapofunguka, nywele hutanuka kama ufagio wa chelewa uliobonyezwa sakafuni, zikakwangua, na inapofunga hukusanyika pamoja na kilichokwanguliwa na kupelekwa mdomoni, mguu wa kulia ukipanda wa kushoto ukishuka, bila kusimama na kwa kasi ambayo jicho huifuata kwa taabu. Kwa sababu mwili hupenyeza mwanga, chakula huonekana kikipita mgongoni kama uzi mweusi, na nyuma kidogo ya kichwa moyo huonekana ukipiga. Uzi huo wa mgongoni ni kipimo cha afya kisichogharimu kitu, kwa maana uduvi mwenye uzi mtupu katikati ya mchana ana njaa au anaumwa.

Kwa kuwa utelezi huwatosha uduvi wachache, chakula cha nyongeza huhitajika pale tu idadi inapoongezeka, na hapa maji ya Tanganyika yana hatari ambayo mfugaji wa nchi nyingine huenda haijui. Chakula kisicholiwa, pamoja na kinyesi, huoza na kutoa amonia, kemikali ile ile inayochoma pua katika zizi la mbuzi au mkojo uliolala. Ndani ya maji amonia huwa na sura mbili zinazobadilishana: moja isiyo na madhara makubwa, na nyingine ambayo ni gesi inayopenya matamvua, yaani viungo vya kupumulia, na kuua. Mgawanyo wa sura hizo huamuliwa na pH. Katika maji yenye nyuzi 25 na pH 7, gesi inayoua haifiki hata sehemu 1 katika kila 100 za amonia yote. pH ikiwa 8, hufika sehemu 5 hivi. Na katika pH 9, ambayo ndiyo ya ziwa hili, hupita sehemu 35. Maana yake ni kwamba kosa lile lile la kumwaga pumba nyingi, ambalo katika tangi la maji laini lingepita bila msiba, katika tangi la Kigoma huua kwa usiku mmoja. Bakteria waliomo ndani ya utelezi huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina ukali na ambayo mimea huitumia kama mbolea, lakini bakteria hao huhitaji wiki zile zile za kusubiri ili waongezeke. Utelezi, basi, ni chakula na ni choo kwa pamoja. Jani moja la mchicha lililochovywa katika maji ya moto, likaachwa ndani ya tangi kwa siku moja na mabaki yake yakatolewa, linatosha kwa uduvi mia, mradi mchicha huo haukupigwa dawa ya wadudu bustanini.

Suala la dawa linahitaji kukaziwa, kwa sababu uduvi na wadudu ni ndugu wa karibu kuliko umbile lao linavyoonyesha. Wote wana mwili wa pingili na gamba la nje, na sumu iliyotengenezwa kumuua mbu humuua uduvi kwa kiwango kidogo zaidi. Chombo cha maji kilicho nje, Kigoma, mahali ambapo malaria ni ugonjwa wa kila msimu, lazima kifunikwe ili mbu wasitage humo, kwani uduvi hawindi viluwiluwi. Hukwangua tu ukuta huku viluwiluwi wakipumua juu yake kwa raha zao. Fikra ya haraka ni kufunika kwa chandarua, na chandarua kilicho karibu na mkono ni kile kinachogawiwa bure, ambacho nyuzi zake zimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Umande ukikilowesha, au mvua ikipita juu yake, dawa hiyo hudondokea majini na asubuhi uduvi wote wamelala ubavu. Kifuniko kinachofaa ni wavu usio na dawa wenye matundu madogo, uliovutwa vizuri na kufungwa kwa kamba kuzunguka ukingo wa tangi, ambao humzuia mbu, humzuia mdiria anayevizia kwenye tawi, na humzuia pia kereng'ende asitage, kwa maana mtoto wa kereng'ende huishi majini na mdomo wake wa kukunjuka humdaka uduvi kwa mpigo mmoja. Shaba nayo ni sumu: ingawa damu ya uduvi hutumia shaba kubebea oksijeni, kama damu ya binadamu inavyotumia chuma, shaba iliyoyeyuka majini, iwe kutoka kwenye bomba, kwenye chombo cha shaba au kwenye dawa ya samaki, huwaangamiza.

Usiku una shida yake, nayo ni fupi kueleza. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa kutumia mwanga. Usiku huivuta kama viumbe wengine wote, kwa hiyo saa ngumu kuliko zote ni ile ya kabla ya alfajiri. Kigoma, ikiwa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 770, maji yake ya nyuzi 25 hayawezi kushika hata miligramu 8 za oksijeni katika lita moja, na mwani ukizidi kiasi cha maji kugeuka kama uji wa kijani, akiba hiyo huisha kabla jua halijachomoza. Uduvi waliopanda wote hadi ukingo wa maji alfajiri wanaomba hewa. Dawa yake ni kupunguza chakula, kuongeza kivuli na kuyachota maji na kuyamwaga humo humo kutoka juu.

Mvua ndiyo inayomtofautisha mfugaji wa nje na wa ndani ya nyumba. Mvua ya milimita 100 ikianguka juu ya tangi lenye mdomo wa mita moja ya mraba huongeza lita 100, na mvua ya mwaka mzima Kigoma, inayokaribia milimita 1,000, ingetosha kulijaza upya tangi lenye kina cha mita moja lililoachwa wazi. Maji hayo hayana madini, kwa hiyo huyapunguza makali maji ya tangi, na mwili wa uduvi, uliozoea kiwango fulani cha chumvi, hushtuka na kulivua gamba kabla gamba jipya halijawa tayari chini yake. Kufunika kwa turubai wakati wa mvua kubwa za masika ni lazima. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini hukausha maji, na hapa wengi hukosea kwa nia njema wakiongeza maji ya ziwani kila yanapopungua, wakisahau kwamba kilichopaa ni maji matupu na madini yote yamebaki. Baada ya miezi miwili ya kuongeza hivyo, tangi huwa na chumvi kuliko ziwa: yale ambayo Tanganyika limeyafanya kwa muda mrefu usiohesabika, mfugaji huyafanya kwa msimu mmoja. Maji ya kurudishia kilichopaa ni yale ya mvua yaliyohifadhiwa tangu masika, ambayo sasa ndiyo yanapata kazi yake. Makombe ya konokono, ambayo ufuo wa ziwa unayo mengi, hutiwa chini ya tangi kama akiba ya kalsiamu, na akiba hiyo ina tabia nzuri ya kutoyeyuka maji yakiwa na pH ya juu na kuanza kuyeyuka pale mvua inapoyalainisha.

Kujivua gamba, usemi ambao siasa za Tanzania ziliutia masikioni mwa kila mtu mwaka 2011, kwa uduvi ni sharti la kukua. Gamba la nje halitanuki, hivyo hupasuka mgongoni, mnyama akachomoka kwa mtikiso mmoja na kuliacha likielea kama uduvi mwingine aliye mtupu, na mfugaji mgeni huliokota akidhani ni maiti. Kwa saa kadhaa baada ya hapo mwili ni laini na mwenyewe hujificha, na ni katika saa hizo jike aliyekomaa hutoa majini kemikali inayowaamsha madume wote wakaanza kuogelea huku na huko bila utulivu. Mayai yaliyokuwa yakionekana nyuma ya kichwa kama tandiko la punda hushuka na kugandamana chini ya tumbo, katikati ya vijiguu vya kuogelea, na jike huyapepea mchana na usiku ili yapate hewa na yasiote ukungu, huku mara kwa mara akipitisha mguu wa nyuma na kuondoa lililoharibika.

Jinsi watoto wanavyozaliwa ndiyo tofauti kubwa kati ya uduvi mmoja na mwingine. Uduvi anayefugwa zaidi duniani kwa mapambo, Neocaridina davidi wa China na Taiwan, hutaga mayai kati ya 20 na 30, huyabeba wiki tatu hadi nne, na watoto hutoka wakiwa na umbo kamili la wazazi wao, kiasi cha ncha ya sindano, wakaanza kukwangua ukuta siku hiyo hiyo. Upande wa pili yupo kamba mkubwa wa maji baridi wa Asia, Macrobrachium rosenbergii, anayefugwa kwa ajili ya chakula, ambaye watoto wake walikuwa wakifa mikononi mwa wafugaji bila sababu kujulikana mpaka mwaka 1961, wakati Shao-Wen Ling, mtaalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, alipogundua huko Malaya kwamba mama huishi mtoni lakini mtoto huhitaji maji yaliyochanganyika na ya bahari katika wiki zake za mwanzo. Anayeota ndoto ya kufuga kamba wa kitoweo Kigoma angehitaji kusafirisha chumvi ya bahari kwa reli, na reli hiyo kutoka Dar es Salaam ina zaidi ya kilomita 1,200. Ndoto hiyo ni bora iachwe.

Ipo sababu nyingine ya kuiacha, nayo inamhusu pia Neocaridina pamoja na urahisi wake wote. Chombo kilicho nje hufurika, hupinduliwa na mbuzi, huchotwa na watoto, na katika miaka ya karibuni ziwa lenyewe limepanda na kuingia katika nyumba na masoko ya ukingoni. Mwaka 1970 kamba wa mtoni mwenye magando mekundu, mwenyeji wa kusini mwa Marekani, aliingizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, akaongezeka na kuitafuna mimea ya chini ya maji hadi ikatoweka kwa vipindi. Zambia, kamba wa Australia aliyeletwa kwa ajili ya kufugwa aliponyoka, akaenea katika Mto Kafue na kufika Ziwa Kariba. Neocaridina wamekutwa wakiishi huru katika maji ya mto Erft, Ujerumani, sehemu zinazopashwa joto na mitambo ya umeme, na mto ambao ni baridi pande zake nyingine zote umewatosha, sembuse Tanganyika ambalo halishuki chini ya nyuzi 23. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 huweka uingizaji na uhamishaji wa viumbe hai wa majini chini ya kibali, na Mkataba wa Ziwa Tanganyika uliosainiwa na Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia mwaka huo huo wa 2003 unazibana nchi zote nne kuhusu wageni wa namna hiyo. Anayefuga kando ya ziwa hili afuge uduvi wa ziwa hili, waliookotwa chini ya mawe ya ufuo wake kwa idhini ya afisa uvuvi, kwa sababu hao wakitoroka wanarudi kwao.

Faida yake si kubwa ya kujenga nyumba, na anayeiahidi kwa semina anauza maneno. Uduvi wadogo ni chakula bora cha samaki wa mapambo, wale wa rangirangi wa miambani ambao Kigoma imekuwa ikiwasafirisha nje kwa miaka mingi, na samaki waliofungiwa wakisubiri ndege hupendelea windo hai kuliko unga. Wanafaa kwa vifaranga wa samaki katika mabwawa, na wanafaa darasani, kwa kuwa ni miongoni mwa wanyama wachache ambao moyo wao mwanafunzi anaweza kuuona na kuuhesabu mapigo bila kuwapasua. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, wengi waligundua jinsi kaya za mwambao zilivyoegemea mtumbwi peke yake. Tangi la uduvi lisingeweza kuziba pengo hilo.

Kuvuna hufanywa usiku, kwa njia ambayo wavuvi wa dagaa waliijua zamani kwa karabai: taa huwekwa juu ya kona moja ya tangi, uduvi husogea polepole kuelekea mwangani, na wavu mdogo hupitishwa chini yao. Waliopatikana humiminwa katika bakuli jeupe, majike wenye mayai hutolewa kwa kijiko na kurudishwa, na wengine hubaki. Asubuhi yake ukuta wa tangi hukaguliwa kwa kidole. Ukiwa mkavu wa utelezi na unakwaruza, uduvi bado ni wengi kuliko chakula chao na mavuno yanaweza kurudiwa usiku unaofuata. Kidole kikiteleza na kutoka na kijani, wavu wa juu hufungwa tena na tangi huachwa wiki mbili.